James Somerville: Admirali wa misafara ya meli aliyeweka makao Kilindini

Na Mwandishi Maalumu, Arua

WENYEJI wa Arua, Koboko na Nebbi waliopanda basi kwenda Kampala mwishoni mwa miaka ya 1990 hawahitaji kuelezwa maana ya msafara. Basi lilipofika Pakwach dereva alizima injini na kusubiri. Mabasi, malori ya tumbaku na magari madogo yalipangwa mstari mmoja, askari wakatangulia mbele na wengine wakafunga nyuma, ndipo safari ya kuelekea Karuma ikaanza. Waasi wa Joseph Kony walikuwa wakiivizia barabara ile, na aliyeondoka peke yake aliondoka kwa kudra ya Mungu. Msafara wenyewe ulikwenda kwa mwendo wa gari bovu kuliko yote. Abiria walilalamika, lakini hakuna aliyetaka kushuka.

Kanuni hiyo ndiyo iliyotumika baharini katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kuanzia mwaka 1939 hadi 1945. Meli za mizigo zilizovuka Bahari ya Atlantiki kupeleka chakula, mafuta na silaha nchini Uingereza zilikusanywa makundi makundi na kulindwa na manowari. Mfumo huo ulifika hadi huku kwetu, katika Bahari ya Hindi, na kwa zaidi ya mwaka mmoja makao makuu ya ulinzi wa bahari hiyo yalikuwa Kilindini, Mombasa.

Kamanda aliyeweka makao hayo aliitwa Admirali James Fownes Somerville. Yafaa tuyajue maisha yake kwa sababu mbili. Kwanza, alikuwa miongoni mwa wanamaji mashuhuri wa vita ile. Pili, katika eneo lililokuwa chini ya mamlaka yake, mamia ya vijana wa Afrika Mashariki walizama katika alasiri moja tu ya mwaka 1944, na habari zao hazijulikani sana hata katika nyumba walikotoka.

Mimi nililisikia jina la mtu huyu kwa mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi ukimbizini, ng'ambo ya mpaka, katika nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire. Tulisoma kwa Kifaransa, na mwalimu wetu wa historia alimtaja kuwa ndiye aliyewaua mabaharia wa Ufaransa ambao wiki mbili kabla ya hapo walikuwa rafiki zake. Niliporudi nyumbani Uganda na kuanza kusoma vitabu vya Kiingereza, nikamkuta mtu huyo huyo akisifiwa kuwa mlinzi hodari wa misafara. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba pande zote mbili zilikuwa zikisema kweli.

Fundi wa simu ya upepo

Somerville alizaliwa tarehe 17 Julai 1882 huko Weybridge, kusini mwa Uingereza. Januari 1897, akiwa na umri wa miaka 14, aliingia katika mafunzo ya uofisa wa jeshi la majini kwenye meli ya Britannia. Mwaka 1904 alipandishwa cheo kuwa luteni.

Wakati huo vijana wengi wa jeshi hilo walitaka kuwa mabingwa wa mizinga, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na sifa. Somerville alichagua fani ambayo wengi hawakuipa uzito, yaani simu ya upepo. Meli zilikuwa ndiyo kwanza zinajifunza kupashana habari bila bendera wala taa. Katika Vita Kuu ya Kwanza alihudumu kwenye mapambano ya Dardanelles, Uturuki, na kazi yake ya mawasiliano ikampatia nishani. Mwaka 1913 alikuwa amemwoa Mary Kerr Main, na wakajaliwa watoto wawili, wa kiume na wa kike.

Alipanda ngazi bila haraka. Mwaka 1921 akawa kapteni, na mwaka 1933 akaingia safu ya maadmirali. Mwaka 1938 alipewa ukamanda wa vikosi vya majini vya Uingereza katika Bahari ya Hindi, na watu wakaona kwamba amefika kileleni. Lakini mwaka 1939 madaktari walisema ana kifua kikuu, akarudishwa kwao na kustaafishwa. Alikuwa na miaka 57. Kama si vita, huenda leo pasingekuwa na mtu wa kumwandika.

Vita vilipoanza Septemba 1939 wazee waliostaafu waliitwa tena. Somerville alipewa kazi ya kusukuma mbele chombo kipya kilichoitwa rada, kinachotuma mawimbi hewani na kuonyesha kitu kilipo hata gizani. Alihangaika kuhakikisha manowari zinafungiwa chombo hicho mapema. Baadaye, rada ndogo zilipowekwa kwenye meli za ulinzi huko Atlantiki, nyambizi za Kijerumani zilizozoea kuibuka juu usiku na kushambulia zikaanza kuonekana zikiwa bado mbali.

Mwezi Mei 1940 alikuwa Dover, akimsaidia Admirali Bertram Ramsay kuwaokoa askari waliozingirwa Dunkirk, pwani ya Ufaransa. Zaidi ya askari 338,000 walivushwa hadi Uingereza. Baada ya kazi hiyo hakuna aliyekumbuka tena kwamba Somerville ni mstaafu mgonjwa.

Kwa nini meli zilikwenda pamoja

Kabla ya kuendelea, ni vizuri msomaji aelewe jinsi msafara wa meli ulivyofanya kazi.

Uingereza ni kisiwa. Sehemu kubwa ya chakula chake na karibu mafuta yake yote ya petroli yalitoka ng'ambo. Ujerumani ilijua kwamba haina haja ya kuivamia nchi hiyo ikiwa itaweza kuzamisha meli zinazoilisha. Silaha yake kuu ilikuwa nyambizi, na risasi ya nyambizi ni topido, kombora linalokwenda chini ya maji na kutoboa ubavu wa meli.

Meli 40 zikisafiri kila moja kwa njia yake, nyambizi ina nafasi 40 za kukutana na windo. Meli hizo hizo zikikusanyika pamoja, bahari ni kubwa mno kiasi kwamba kundi zima laweza kupita bila kuonekana. Na hata likionekana, nyambizi haina budi kulifuata pale walipo walinzi. Meli zilipangwa katika safu, kiongozi wa msafara akiwa ndani ya mojawapo, na manowari zikizunguka pembeni kama wachungaji. Usiku taa zote zilizimwa. Mwendo ulikuwa wa meli dhaifu kuliko zote.

Misafara mingi ya Atlantiki iliondoka Halifax, Kanada, na mingine Freetown, Sierra Leone. Wajerumani nao walijifunza kuwinda kwa makundi, nyambizi nyingi zikivamia msafara mmoja usiku. Hadi vita vinakwisha, meli za mizigo zipatazo 3,500 zilikuwa zimezamishwa katika mapambano ya Atlantiki. Mabaharia wa meli za biashara za Uingereza peke yao waliopoteza maisha katika vita ile ni zaidi ya 30,000, na miongoni mwao walikuwamo Wahindi, Wachina, Wasomali na Waafrika wa Magharibi waliokuwa wakichochea makaa katika vyumba vya injini.

Jioni ya Mers-el-Kébir

Mwishoni mwa Juni 1940 Somerville alikabidhiwa kikosi kipya kilichopewa jina la Force H, makao yake yakiwa Gibraltar, kwenye mlango wa kutoka Mediterania kwenda Atlantiki. Kazi yake ya kwanza ndiyo iliyomkosesha usingizi maisha yake yote.

Ufaransa ilikuwa imeshindwa na Ujerumani na kusaini mkataba wa kusimamisha vita. Serikali ya Uingereza iliogopa kwamba manowari za Ufaransa zingeangukia mikononi mwa Wajerumani. Kundi kubwa la manowari hizo lilikuwa limetia nanga Mers-el-Kébir, nchini Algeria. Somerville aliamriwa kumpa Admirali Marcel Gensoul wa Ufaransa chaguo chache: ajiunge na Uingereza, apeleke meli zake bandari za Uingereza au visiwa vya mbali vya Karibi, au azizamishe mwenyewe. Akikataa yote, apigwe.

Somerville na maofisa wake hawakuupenda mpango huo na walisema hivyo mapema. Jibu la London likawa kwamba amri ni amri. Tarehe 3 Julai 1940 mazungumzo yaliendelea mchana kutwa, na Somerville akisogeza mbele saa ya mwisho mara kwa mara, huku London ikimhimiza amalize. Ilipokaribia saa 12 jioni mizinga ikafyatuliwa. Shambulio lilidumu dakika kama kumi. Manowari ya Bretagne ililipuka na kupinduka pamoja na watu wake.

Hesabu inayotajwa ya Wafaransa waliokufa ni 1,297. Nitawaomba wasomaji waikumbuke namba hiyo.

Barua alizomwandikia mkewe, ambazo zilichapishwa miaka mingi baadaye, zinaonyesha mtu aliyejawa na aibu. Aliamini kwamba lilikuwa kosa kubwa la kisiasa na kwamba dunia ingegeuka dhidi ya nchi yake. Wanahistoria wengine hawakubaliani naye. Wanasema tukio lile liliishawishi Marekani kwamba Uingereza haitasalimu amri. Hata hivyo hakuna anayebisha kwamba alitii, na kwamba aliubeba mzigo wa utii huo.

Kuachia ushindi ili msafara ufike

Miezi mitano baadaye alipewa nafasi ya kuchagua mwenyewe. Novemba 1940 Force H ilikuwa ikisindikiza meli tatu za mizigo, mbili zikielekea kisiwa cha Malta na moja Alexandria, Misri. Tarehe 27 Novemba, kusini mwa Sardinia, manowari za Italia zilijitokeza. Somerville alikwenda kuzikabili, wakapigana kwa mizinga kwa muda wa kama saa moja, kisha Waitalia wakakimbia kuelekea pwani yao.

Hapo ndipo kamanda mwenye uchu wa sifa angewafukuza. Somerville aligeuza meli na kurudi kwenye msafara. Alipima kwamba akiendelea kufukuza angezidi kusogelea viwanja vya ndege vya adui, na wakati huo huo angeziacha zile meli tatu bila ulinzi wa kutosha. Kazi aliyotumwa ilikuwa meli zifike, na kweli zilifika.

London ilikasirika. Waziri Mkuu Winston Churchill alitaka makamanda wanaowinda, na bodi ya uchunguzi ikatumwa Gibraltar hata kabla Somerville hajakamilisha taarifa yake. Wachunguzi walisikiliza ushahidi na kuamua kwamba alifanya sawasawa. Maofisa wenzake wengi waliona bodi hiyo ni dharau kwa mtu aliyetimiza wajibu wake.

Baada ya hapo aliendelea na kazi ya misafara. Mwezi Mei 1941 ndege za meli ya Ark Royal, iliyokuwa chini yake, zilipiga usukani wa manowari kubwa ya Kijerumani Bismarck, iliyokuwa imetoka kuwinda misafara ya Atlantiki. Bismarck ikabaki ikizunguka hadi ilipozamishwa siku iliyofuata. Septemba mwaka huo aliongoza msafara wa meli tisa za mizigo kwenda Malta, na nane zikafika. Watu wa Malta walikuwa wakipigwa mabomu karibu kila siku, na shehena hizo ndizo zilizowafikisha mwaka uliofuata.

Mabaharia walimpenda. Alikuwa mcheshi, mwenye mdomo usiokosa tusi la utani, na asubuhi alionekana bandarini Gibraltar akipiga makasia peke yake katika mtumbwi mdogo. Zaidi ya hapo, alipanda ndege pamoja na vijana wake wa anga ili aone wanachokiona. Kwa admirali wa miaka karibu 60, hilo halikuwa jambo la kawaida.

Kilindini yawa makao makuu

Machi 1942 Somerville alifika Ceylon, ambayo sasa inaitwa Sri Lanka, kuchukua ukamanda wa Kikosi cha Mashariki. Singapore ilikuwa imeanguka mwezi uliotangulia. Wajapani walikuwa wakija na meli tano za kubeba ndege, pamoja na marubani waliokuwa na uzoefu kuliko wote duniani. Manowari kubwa nne kati ya tano alizopewa Somerville zilikuwa kuukuu, zilizojengwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

Tarehe 5 Aprili Wajapani waliushambulia mji wa Colombo na kuzizamisha kruza mbili za Uingereza, Dorsetshire na Cornwall. Tarehe 9 wakaizamisha Hermes, meli ya kubeba ndege. Meli nyingi za mizigo zilizama katika Ghuba ya Bengal. Somerville alijua kwamba akipigana mchana angeangamizwa, na kikosi chake kikiangamia njia nzima ya meli kutoka Rasi ya Tumaini Jema hadi Suez na India itakuwa wazi. Akaamua kukihifadhi. Zile manowari kuukuu zikapelekwa Kilindini, na baadaye makao makuu yakahamia huko.

Wapo waliomcheka kwa kurudi nyuma. Lakini tazama ramani. Askari na vifaa vya jeshi la Uingereza lililokuwa Misri vilipita pwani ya Afrika Mashariki, kwa kuwa Mediterania ilikuwa imefungwa. Mafuta ya Ghuba ya Uajemi yalipita bahari hiyo hiyo. Pamba na kahawa ya Uganda iliteremka kwa reli hadi Kilindini. Kama Wajapani wangeimiliki bahari hii, vita vingekuwa na sura nyingine.

Mombasa ilibadilika. Mbali na manowari zilizojaa bandarini, walikuja wataalamu wa kuvunja misimbo ya siri, wakapangwa katika majengo ya shule ya Allidina Visram. Mwaka 1942 wataalamu hao waliuvunja msimbo uliotumiwa na meli za biashara za Japani. Kutoka hapo Mombasa waliweza kujua meli za mizigo za adui zinakwenda wapi. Wanafunzi waliopita katika shule hiyo wana haki ya kujivunia jambo hilo.

Mwezi Mei 1942 Waingereza waliteka Diego Suarez, bandari ya kaskazini mwa Madagascar, ili Wajapani wasiitumie, na askari wa KAR wakapelekwa huko baadaye mwaka huo. Nyambizi za Japani ziliingia hata hivyo katika Mlango wa Msumbiji, na kwa wiki chache tu zikazamisha meli za biashara zaidi ya 20.

Shida ya Somerville kuanzia hapo ilikuwa moja: hakuwa na meli za kutosha za kulinda misafara. Kila mara Atlantiki au Mediterania ilipohitaji manowari, zake ndizo zilizochukuliwa. Meli nyingi za mizigo katika Bahari ya Hindi zilisafiri peke yake, bila mlinzi, kwa sababu hakukuwa na wa kuzilinda. Septemba 1943 makao makuu yalirudi Ceylon, lakini Kilindini ilibaki kuwa bandari kubwa ya kupakia askari wa Afrika Mashariki.

Jumamosi ya Februari 1944

Mzee mmoja wa Koboko, askari wa zamani wa KAR ambaye tulikuwa jirani naye ukimbizini, alikuwa akitusimulia sisi watoto jinsi walivyovuka bahari kwenda vita vya Burma. Alisema kilichomtisha kuliko risasi ni usiku wa melini, kwa sababu hawakuruhusiwa kuwasha hata sigara, na wengi wao walikuwa hawajui kuogelea. Maneno yake niliyaelewa vizuri zaidi niliposoma habari za meli ya Khedive Ismail.

Khedive Ismail ilijengwa Scotland mwaka 1922, ikamilikiwa na kampuni ya Chile na kisha ya Misri kabla ya kugeuzwa kuwa meli ya kubeba askari. Mwanzoni mwa Februari 1944 iliondoka Kilindini kwenda Colombo katika msafara ulioitwa KR 8, pamoja na meli nyingine nne za abiria. Ndani yake walikuwamo watu 1,511. Kati yao 996 walikuwa wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Walikuwamo pia wanamaji, wauguzi na wanawake wengine waliokuwa wakihudumu jeshini.

Walipokuwa wakikaribia visiwa vya Maldives walinzi wao walikuwa watatu: kruza ya zamani Hawkins, na manowari mbili za kasi, Petard na Paladin. Petard haikuwa meli ngeni katika historia. Oktoba 1942, katika Mediterania, ilishiriki kuilazimisha nyambizi ya Kijerumani U-559 kuibuka, na mabaharia wake wawili, Tony Fasson na Colin Grazier, walikufa wakitoa vitabu vya siri ndani ya nyambizi hiyo iliyokuwa ikizama. Vitabu hivyo viliwasaidia Waingereza kusoma tena ujumbe wa nyambizi za Atlantiki, na misafara mingi ikaokoka kwa kuzikwepa.

Siku ya Jumamosi tarehe 12 Februari 1944, kama saa 8:30 mchana, bahari ilikuwa tulivu. Watu wengi walikuwa wakipumzika, wengine wakiwa ukumbini wakisikiliza muziki. Nyambizi ya Kijapani I-27, ambayo ilikuwa imekwisha kuzamisha meli za biashara zaidi ya kumi, ilipenya na kurusha topido. Mbili zilipiga Khedive Ismail. Haikuchukua hata dakika mbili kuzama. Waliokuwa chini, na askari wengi wa Kiafrika walikuwa chini, hawakupata nafasi ya kupanda ngazi.

Meli nyingine za msafara zilitawanyika kama kanuni inavyotaka. Walinzi wakabaki na uamuzi ambao hakuna binadamu angependa kuwa nao. Nyambizi ilikuwa imejificha chini ya eneo lile lile walimokuwa wakielea manusura. Kuiacha ni kuziweka hatarini zile meli nne zilizobaki na maelfu ya watu waliokuwamo. Kuishambulia ni kutupa mabomu ya chini ya maji karibu na wenzao waliokuwa wakipunga mikono. Mabomu yalitupwa, na baadhi ya manusura wakafa kwayo. Mapambano yalidumu zaidi ya saa mbili. I-27 iliibuka, Paladin ikaharibika katika kujaribu kuigonga, na mwishowe topido ya saba ya Petard ikaivunja.

Waliookolewa ni wanaume 208 na wanawake sita. Waliokufa ni 1,297.

Ni namba ile ile ya Mers-el-Kébir. Sadfa tu, na mimi sioni muujiza ndani yake. Lakini kwa mtu anayeandika maisha ya Somerville, si rahisi kuipita. Mara ya kwanza ni watu waliokufa kwa mizinga yake, kwa amri ambayo hakuitaka. Mara ya pili ni watu waliokuwa chini ya ulinzi wake.

Je, alilaumiwa? Swali la kwa nini meli tano zilizojaa watu zilipewa walinzi watatu tu limeulizwa tangu siku hiyo. Yeye ndiye aliyekuwa kamanda wa bahari yote ile na hawezi kukwepa swali hilo. Kwa upande mwingine, tangu 1942 alikuwa akilalamika kwamba hana meli za ulinzi, na waliokuwa na uwezo wa kumpa walikuwa London. Mizani ya vita iliipa Atlantiki kwanza, Mediterania pili, na Bahari ya Hindi ikapata makombo. Aliyelipa gharama ya mpangilio huo ni kijana aliyeandikishwa kijijini, ambaye hakuwahi kuiona ramani yenyewe.

Miaka ya mwisho

Somerville alibaki Mashariki kwa miezi sita zaidi. Aprili na Julai 1944 kikosi chake, sasa kikiwa kimeongezewa nguvu, kilishambulia Sabang, karibu na kisiwa cha Sumatra kilichokuwa mikononi mwa Wajapani. Walikuwa na msuguano yeye na Lord Louis Mountbatten, mkuu wa majeshi ya washirika katika eneo hilo, kuhusu nani anaamuru nini. Agosti 1944 nafasi yake ilichukuliwa na Admirali Bruce Fraser.

Alipelekwa Washington kuongoza ujumbe wa jeshi la majini la Uingereza nchini Marekani, kazi iliyohitaji mtu mchangamfu. Tarehe 8 Mei 1945, siku ambayo vita vya Ulaya vilitangazwa kwisha, alipewa cheo cha juu kabisa cha jeshi hilo. Mwaka 1946 aliteuliwa kuwa mwakilishi wa mfalme katika jimbo la Somerset, akaishi katika nyumba ya ukoo wake kijijini Dinder. Moyo ulisimama tarehe 19 Machi 1949, akiwa na miaka 66. Amezikwa hapo hapo Dinder.

Nikiwafundisha wanafunzi wangu habari zake, wengi huuliza kama alikuwa mtu mwema au mbaya. Huwarudisha kwenye ile siku ya Novemba 1940, aliporudi kwenye meli zake tatu huku adui akikimbia. Wengi wao wamezaliwa baada ya bunduki kunyamaza kaskazini mwa Uganda, na hupita Karuma bila kusimama. Lakini wazazi wao wanajua kwamba askari wa msafara hapimwi kwa idadi ya waasi aliowafukuza porini. Anapimwa kwa mabasi yaliyofika. Kwa kipimo hicho Somerville alifaulu mara nyingi, na mara moja, katika bahari yetu, watu wetu wakiwa ndani, hawakufika.

Majina ya askari hao hayakupotea. Katika makaburi ya vita yaliyo barabara ya Ngong, Nairobi, kuna mnara wa kumbukumbu wa Afrika Mashariki wenye majina ya wasio na kaburi, wakiwamo waliozama na Khedive Ismail. Lango liko wazi kwa umma. Msomaji wa Arua au Koboko atakayekuwa na safari ya Nairobi atenge saa moja, apite pale, asome ukuta ule taratibu. Huenda akakuta jina ambalo nyumbani kwao lilitajwa mara moja tu, mwaka 1944, na halijatajwa tena.